Saa Sita Mchana Katika Prizo ya Pamba

Pamba, Kasongo, tarehe 6 Februari 2024

Kwa mupwa wangu Cadette, mwalimu wa darasa la tatu, Kabambare.

Pokea salamu za mujomba wako Bulaimu, mutu aliyekula samaki wa Kigoma na kulala katika nyumba ya ghorofa kule Bukavu, na ambaye leo anakuandikia akikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Niko muzima. Musalimie mama yako, dada yangu Mathilde, na mguu wake wenye kuvimba. Musalimie jirani yetu mama Muzaliwa, umwambie kwamba mwanawe, yule mushona viatu, tuko naye hapa chumba kimoja. Analala upande wangu wa kushoto na hakoromi, kwa hiyo amekuwa ndugu. Barua hii uisome kwa sauti mbele ya nyumba kama siku zote, na kila mutu aliyesalimiwa aitike “nimepokea”. Hivyo ndivyo marehemu baba yangu Yassine alivyotufundisha, na prizo haiwezi kunibadilishia desturi ya baba.

Unajua kilichonileta. Kule Salamabila wachimbaji wawili walipigana kwenye mudomo wa shimo la dhahabu. Mimi nikaingia katikati kuwatenganisha, kwa sababu Mungu alinipa kifua na hakunipa akili ya kukimbia. Mumoja akavunjika taya. Askari walipofika waliona mutu mumoja tu aliyebaki amesimama, na huyo alikuwa mimi. Wanasema hakimu atanisikiliza mwezi ujao. Wamesema hivyo mara tatu.

Sasa nikuambie nyumba yangu mpya. Ilikuwa magazini, ghala la pamba, wakati wa Wabelgiji, ndiyo maana watu wote wa Kasongo wanaiita Pamba. Kuta ni ndefu, madirisha hayako, juu ni manjanja, mabati ya zamani, paa lote limekula kutu. Mwisho kabisa iko chumba kidogo cha mizani, pale walipopima pamba, na kulabu ya chuma bado inaning'inia. Sijaingia humo na sina haraka ya kuingia.

Watu wa hapa wanaogopa saa sita mchana. Mimi nilifikiri wanafanya mchezo. Jua likisimama juu, manjanja yanapasuka kwa joto, pa, pa, pa, kama mutu anatembea na viatu vizito. Wanasema ni shetani. Wanasema watu walipigwa sana hapa wakati wa pamba, damu yao haikuoshwa, na ndiyo inayomulisha. Anashuka saa ile, walinzi wakiwa wamekwenda kula. Anaingia ndani ya mutu, na mutu huyo anapiga wenzake mpaka mumoja aanguke. Kabla sijafika, wawili walikwisha kufa hivyo. Katika kitabu cha prizo waliandikwa homa.

Anayetufundisha mambo hayo yote ni Kadogo, kapita wetu. Ni mufungwa kama sisi, lakini walinzi wamemwachia fimbo na funguo za ndani. Jina Kadogo, mwili kama mulango wa kanisa. Mimi nikamwuliza Muzaliwa polepole: “Mbona shetani huyu hampandi Kadogo hata siku moja? Anaogopa fimbo?” Muzaliwa alicheka mpaka sindano ikamuchoma kidole. Unaona, hata hapa nawachekesha watu. Nilifika darasa la tano tu, lakini hii siyo kitu wanachofundisha darasani.

Nitumie chumvi, sabuni, kalanga za kukaanga. Nitumie pia uzi mugumu wa Muzaliwa, wake umekwisha. Barua zako mupe Élysée wa moto, yule mwenye pikipiki, ananipa mukononi. Usije.

Wa chumba chetu wanakusalimia: Muzaliwa, muzee Jean-Pierre, anayesali rozari kwa mafundo ya kamba, na Cirhuza wa Bukavu, aliyesoma mpaka sekondari na anatusumbua kwa Kifaransa.

Ni mimi mujomba wako, ambaye hata ndoo chini yake inajisikia kiti,
Bulaimu

Kabambare, tarehe 27 Februari 2024

Mjomba wangu, jambo sana.

Barua yako tuliisoma Jumapili baada ya misa, na watu wote uliowasalimia waliitika. Mama alisema, “Nimepokea, na mguu umepokea.” Mama Muzaliwa aliitika akiwa amesimama, akaniomba nirudie pale uliposema mwanawe hakoromi. Nilirudia mara tatu. Mvua imeangusha ukuta wa darasa la tano, kwa hiyo sasa nafundisha madarasa mawili kwa ubao mmoja. Mpunga wetu unaendelea vizuri. Élysée amebeba chumvi, sabuni, kalanga na uzi. Kama kalanga zimepungua, mwulize yeye.

Nilipofika kwenye habari ya shetani mama alininyamazisha, nikamalizia barua peke yangu. Kesho yake alikwenda kwa mchungaji Gérard, katika chumba cha maombi. Mchungaji amesema kwamba mahali penye damu pana mwenyewe, na anayemcheka mwenyewe amemfungulia mlango. Mama anakuomba uache kucheka. Anajua ni kama kumwomba jogoo aache kuwika, lakini anakuomba.

Mimi nina maswali ya mwalimu. Kwa nini walinzi wote waende kula saa ileile? Kwa nini fimbo ikae mkononi mwa mfungwa? Na wale wawili waliokufa, nani aliwaosha, na aliona nini kwenye miili yao?

Kuna jambo jingine. Wewe ukitaka kitu unakisema mara tano, na katikati unatia habari za Kigoma. Hili neno “usije” uliliandika mara moja tu, na baada yake hukuweka mzaha. Nimelisoma sana.

Mpwa wako,
Cadette

Pamba, Kasongo, tarehe 19 Machi 2024

Kwa mupwa wangu Cadette.

Salamu za mwezi wa Ramadhani. Niko muzima. Nafunga bila shida, hapa hata asiyefunga anafunga.

Nikuambie kwanza kwamba sasa barua zetu zote zinasomwa mbele ya kapita wetu Kadogo. Yeye mwenyewe hakusoma shule, kwa hiyo Cirhuza anamusomea, inayotoka na inayoingia. Ni mupango muzuri. Kapita anatulinda sana.

Alhamisi iliyopita, saa sita mchana, shetani alishuka. Alimuchukua Muzaliwa. Alianguka na hakuinuka tena. Hakuna mutu aliyemugusa. Kapita alijaribu kumusaidia. Wameandika homa. Mimi sikuona kitu, nilikuwa nimelala. Umwambie mama yake kwa njia unayoijua wewe, mimi sina.

Uzi uliomutumia ulifika kesho yake.

Nilitaka kukuchekesha na habari ya muzee Jean-Pierre na panya aliyekula rozari yake, lakini imenitoka. Nitaikumbuka siku nyingine.

Maswali yako ya mwalimu siyo ya kuuliza. Hapa tuko salama na hatuna neno na mutu.

Musalimie dada yangu Mathilde. Musalimie sana baba yangu Yassine. Umwambie ninamukumbuka kila saa sita, na aniwekee nafasi kidogo kwenye mukeka wake.

Mujomba wako,
Bulaimu

Kabambare, tarehe 5 Aprili 2024

Mjomba wangu.

Sijui nani ataisikia barua hii kabla yako. Namsalimia na yeye.

Ilipofika tulikusanyika mbele ya nyumba kama kawaida. Nilikuwa nimekwisha kuisoma kimya, lakini mama alinyang'anya karatasi akaliona jina la baba yake, na akasema lazima nisome yote, neno kwa neno. Nikasoma. Mama aliitika lake. Nikafika kwa babu Yassine.

Hakuna aliyeitika. Wewe ndiwe uliyenifundisha kwamba aliyekufa hasalimiwi ndani ya barua, maana anayesalimiwa lazima aitike. Babu amekufa tangu 2011, na wewe mwenyewe ulishuka kaburini kumpokea. Tulikaa tukimsubiri, mjomba, macho kwenye kile kiti chake kinachokaa mbele ya nyumba. Nakuambia kweli, tulisubiri. Hata watoto wa jirani waliacha kutafuna miwa. Kisha mama akasema, “Huyu siyo kaka yangu anayeandika. Shetani amekwisha kumwingia.”

Mchungaji Gérard alikuja saa hiyohiyo. Waliomba mpaka mama akakosa sauti. Baadaye alinikalisha mezani, nikaandika barua kwa mkubwa wa prizo, yeye akisema na mimi nikishika biki: kwamba kaka yake Bulaimu ameingiwa na shetani, kwamba familia imeona dalili katika maandishi yake, na kwamba tunaomba ruhusa mchungaji aingie kumwombea. Nilisita. Kuna kitu katika ile salamu kilichokuwa kinanivuta nguo, sikujua ni nini. Lakini mama alikuwa analia, na mimi niliandika kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Élysée ameondoka nayo juzi.

Mama Muzaliwa nilimwambia kwanza kwake, jikoni, kabla hatujakusanyika. Hakulia mbele yangu. Aliuliza neno moja: “Aliyelala upande wake wa kulia aliona nini?” Huyo ni wewe. Nilimjibu kwamba umeandika ulikuwa umelala. Akasema, “Saa sita mchana?”

Umenilea tangu nikiwa na miaka minne. Sijakuona hata siku moja ukilala mchana.

Nijibu hata mistari miwili.

Cadette

Pamba, tarehe 21 Aprili 2024

Kwa familia.

Mimi Bulaimu, mwana wa Yassine, nakubali kwamba tarehe 14 Machi, saa sita mchana, shetani wa Pamba aliingia ndani yangu na nikampiga Muzaliwa mpaka akafa. Barua ya dada yangu Mathilde kwa mkubwa wa prizo imethibitisha jambo hili, na mkubwa amemkabidhi kapita Kadogo kulimaliza. Hakuna mtu mwingine mwenye kosa. Nimewekwa katika chumba cha mizani, na kila siku saa sita kapita ananitoa huyo shetani. Karatasi hii itapelekwa kwa hakimu. Msije. Mchungaji hahitajiki.

Nasalimia dada Mathilde. Nasalimia Cadette.

Bulaimu

Madame mwalimu, hii ni mimi Cirhuza naandika. Nikimaliza Kadogo atataka nimsomee, na mistari hii sitaisoma. Mjomba wako hawezi kushika biki, jina hapo juu tulimshika mkono akaliandika. Hajafanya lile lililoandikwa. Mwingine aliyepelekwa chumba cha mizani kabla yake alikaa wiki tatu tu, akafa.

Kituo cha afya, Kasongo, tarehe 18 Mei 2024

Kwa mupwa wangu Cadette, simba jike wa Kabambare.

Salamu kutoka kitanda chenye godoro. Polisi mumoja analinda miguu yangu, kama kwamba ina mahali pa kwenda. Vidole viwili vya mukono wa kulia vimefungwa kijiti, kwa hiyo naandika na wa kushoto, na bado mwandiko wangu unapita wa Élysée. Musalimie Mathilde. Umwambie sina hasira na ile barua yake. Alitaka kuniombea. Kadogo aliisikia akafurahi, kwa sababu familia yenyewe ndiyo iliyosema niko na shetani, basi alikuwa amepata mutu wa kubebeshwa kifo. Mathilde hakuweza kujua hilo. Asilie tena, mguu utavimba.

Ile salamu ya baba, nilitaka wewe uelewe kwamba hapa watu wanauawa, na kwamba anayefuata ni mimi. Sikuwa na njia nyingine, Kadogo alikuwa amekaa mbele yangu anasikiliza. Yassine kwake alikuwa muzee fulani wa Kabambare. Nilijiona mwerevu sana. Sikufikiria mama yako na kile kiti.

Wewe Ijumaa ile ulipokuja Pamba uliona ukuta tu, kutoka nje, pamoja na yule mama wa parke, mwendesha mashitaka uliyempelekea barua zetu zote, na polisi wake wawili. Acha mimi nikupe ya ndani, kwa sababu kama sikuisimulia mimi, Cirhuza ataisimulia kwa Kifaransa na kuiharibu.

Manjanja yalianza, pa, pa. Walinzi walikuwa wamekwenda. Kadogo alikuwa amenitoa chumba cha mizani na kunikalisha katikati, wenzangu wote kandokando ya ukuta, macho chini. Mimi, niliyepanda meli ya Kalemie wakati wa dhoruba nikiimba, nilikuwa nimejikojolea. Andika hivyo, usifute.

Ndipo nikasikia sauti juu ya ukuta. Ile sauti yako ya kuita wanafunzi. “Namsalimia muzee Jean-Pierre, anayesali rozari kwa mafundo ya kamba.”

Kadogo akabaki na fimbo hewani. Sisi wote tukamwangalia Jean-Pierre. Muzee akafungua mudomo, akaufunga, akasema kwa sauti ndogo, “Nimepokea.”

“Namsalimia Cirhuza wa Bukavu.”

“Nimepokea.”

“Namsalimia mjomba wangu Bulaimu, mwongo mkubwa wa Salamabila.”

Niliitika kwa sauti iliyofika Kindu. Wengine wanasema ilikuwa kama ya paka. Usiwaamini.

“Namsalimia Muzaliwa, mushona viatu, mwana wa mama Muzaliwa.”

Ulijua vizuri unachofanya. Manjanja yalipiga, na hakuna aliyejibu. Ukarudia. Hakuna. Ukarudia mara ya tatu, polepole, kama unamungoja mutoto anayejifunza kusoma. Na muzee Jean-Pierre, ambaye tangu nimujue hajawahi kusema na Kadogo akimwangalia usoni, akasema: “Hayuko, mama. Kadogo alimuua.” Cirhuza akasema hivyohivyo. Na mwingine, na mwingine, mpaka sauti zikawa nyingi sikuzitambua.

Kadogo alipiga kelele kuelekea ukutani: “Ni shetani aliyemuua, wote wanajua.”

Na wewe, mupwa wangu, mutoto niliyekuogesha kwenye beseni, ukasema: “Basi namsalimia na shetani. Aitike.”

Cadette, sijasikia kimya cha namna ile, na mimi nimelala misituni. Wengi tuliangalia juu kwenye paa. Na mimi niliangalia. Nilikuwa na hakika kwamba ataitika. Manjanja yalipiga mara moja, na basi. Kisha yule mama wa parke akaamuru mulango ufunguliwe.

Utasema mimi ninaruka mambo. Ni kweli. Nimezunguka na Kigoma na Kalemie ili nisifike hapa, sasa nimefika.

Muzaliwa alirudia utani wangu mbele ya watu. Ule wa shetani anayeogopa fimbo. Aliurudia kwa sauti kubwa kwa sababu ulikuwa mutamu, na Kadogo akausikia. Alimwuliza, “Nani amekufundisha?” Muzaliwa aliniangalia kidogo tu, akasema, “Ni wangu mwenyewe.” Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake, kama wewe na ubao wako. Nilinyamaza. Mudomo huu ambao haujawahi kunyamaza.

Kadogo akasema, “Leo shetani atapanda kila mutu.” Akatupanga musitari. Kila mutu pigo moja, na atakayekataa atalala chini pamoja naye. Ndivyo wale wawili wa kwanza walivyokufa. Ndiyo maana hakuna aliyekuwa anasema kitu: kila mutu alikuwa na pigo lake moja, kwa hiyo kila mutu alimuhitaji shetani. Jean-Pierre alipiga. Cirhuza alipiga. Mimi nilikuwa wa tisa.

Nilivua kandambili yangu. Muzaliwa aliishona wiki ile ile, kamba ilikuwa bado mupya. Nilimupiga begani. Nimejiambia siku zote hizi kwamba nilipiga polepole. Alikuwa bado macho. Aliniita “mujomba”, maana alinisikia nikijiita hivyo nilipokuandikia. Baada yangu walikuwa wengine ishirini, kisha Kadogo na fimbo.

Wanasema shetani hayuko, na mimi nataka kusema hivyo nilale. Lakini mukono wangu ulinyanyuka, Cadette. Niliuona unanyanyuka. Sikumuona mutu mwingine akiushika.

Jana nilimwambia yule mama wa parke yote haya. Aliniuliza kama ninajua kwamba sasa kesi yangu siyo taya ya Salamabila tena. Nikamwambia ninajua. Aliandika, nikatia kidole kwa sababu saini ya mukono wa kushoto waliikataa. Kadogo na mukubwa wa prizo wamepelekwa mbali, lakini Jean-Pierre, Cirhuza na mimi tutarudi Pamba tukingoja hakimu. Paa ni lilelile.

Sasa nakuomba kazi ngumu. Barua hii uipeleke kwa mama Muzaliwa na uisome mbele ya nyumba yake, kwa sauti, usiruke kitu. Mwisho kabisa useme: Bulaimu anamusalimia mama Muzaliwa. Kisha ungoje. Akisema neno, uniandikie. Akinyamaza, uniandikie kwamba alinyamaza. Usinitungie kitu kizuri, wewe ni mupole sana kwa mambo hayo.

Mujomba wako,
Bulaimu

Kabambare, tarehe 2 Juni 2024

Mjomba wangu.

Mama anakusalimia. Ameweka kiti cha babu ndani ya nyumba, hataki tena kikae nje. Anauliza kama vidole vinakunjika.

Nilikwenda kwa mama Muzaliwa jana asubuhi. Alikuwa anapepeta mchele. Nilimwambia barua ni ndefu na mbaya, na kwamba umetaka isomwe nje. Akasema, “Soma.” Aliendelea kupepeta. Nilisoma yote, hata pale ulipojikojolea. Nilipofika kwenye kandambili ungo ulisimama. Mchele ulimwagika kidogo upande mmoja, kuku wakaja, hakuwafukuza.

Nikasoma mwisho: Bulaimu anamsalimia mama Muzaliwa.

Nilingoja. Najua kungoja, ni kazi yangu. Jua lilikuwa linapanda, na mabati ya nyumba yake yalianza kulia kidogokidogo. Yeye alikuwa anaangalia njia. Mwisho nilikunja karatasi, nikasimama, nikaaga. Hakujibu.

Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye ua wa jirani aliponiita. Sikurudi, alisema kutoka palepale alipokaa.

“Mwambie Bulaimu nimesikia.”

Hakusema amepokea, mjomba. Alisema amesikia. Nakuandikia kama ilivyokuwa.

Cadette